Taa za sola zenye sensa nje ya nyumba: mwongozo kamili wa kuchagua ukiwa Kigoma

Ukisimama mbele ya duka la vifaa vya sola pale Mwanga, Kigoma mjini, utaona maboksi yamepangwa kwa wati. 100W, 200W, 300W, siku hizi hata 1000W. Bei inapanda kufuata namba hiyo, na muuzaji hatakosa kukuambia, "Bosi, hii ya mia tatu inamulika uwanja mzima." Anza kwa kuipuuza namba hiyo. Taa ya sola haiwezi kutoa usiku zaidi ya ilichokusanya mchana, na inachokusanya kinaamuliwa na paneli na betri, basi. Vyote viwili unaweza kuvikagua hapo hapo dukani kwa rula na macho.

Jambo la pili ni majira. Kigoma mvua huanza Oktoba na kuendelea hadi kuelekea Mei. Kiangazi safi ni Juni hadi Septemba, na huo ndio wakati taa yoyote, hata mbovu, inaonekana nzuri. Inajaa mchana, inawaka hadi asubuhi, unamsifia fundi. Ikifika Desemba, mawingu yamekaa juu ya ziwa siku tatu mfululizo, taa ile ile inakata saa nne usiku. Kwa hiyo kila hesabu iliyomo humu imepigwa kwa ajili ya Desemba. Taa inayopita Desemba, Julai haiishindi.

Kwanza, je, unaihitaji ya sola?

Swali hili wauzaji hawaliulizi. Kama umeme wa TANESCO uko ndani na waya unafika ukutani bila shida, balbu ya kawaida ya LED yenye sensa (kidude kinachotambua mtu anapopita) mara nyingi ni rahisi zaidi na inatoa mwanga mwingi zaidi kwa pesa ile ile. Usione aibu kuichagua.

Sola inashinda pale ambapo kuvuta waya ni gharama: choo cha nje, geti lililo mbali na nyumba, banda la mbuzi, jiko la nje, njia ya kwenda kisimani. Inashinda pia umeme unapokatika, na wenyeji wa Kigoma tuliokaa miaka mingi kwa umeme wa majenereta ya dizeli hatuhitaji kukumbushwa. Halafu kuna nyumba za wapangaji. LUKU ni moja, vyumba sita, na kila mtu anadai taa ya uani haimhusu. Taa moja ya sola juu ya mlango wa uani imemaliza ugomvi ambao mwenye nyumba alishindwa kuumaliza.

Hatua ya 1: zunguka nyumba usiku

Kabla ya kwenda dukani, toka nje saa mbili usiku, tembea njia zote unazopita gizani. Andika kila sehemu na kazi yake. Kuna kazi za aina mbili, na watu huzichanganya.

Kazi ya kwanza ni kuona unapokanyaga: ngazi, njia ya chooni, mlango wa jikoni, pale nyoka anapoweza kuwa amejilaza. Hapa mwanga mdogo unatosha. Lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 100 hadi 300 zinakuonyesha njia vizuri. Kazi ya pili ni kumulika eneo, yaani uwanja, geti, nyuma ya nyumba ambako vibaka hupenda kupitia. Hapo tafuta lumeni 800 hadi 1500. Kwa kulinganisha, ile balbu ya zamani ya waya ya wati 60 ilikuwa ikitoa lumeni kama 800.

Kwa nyumba nyingi, taa tatu ndogo zilizokaa mahali pake zinasaidia kuliko moja kubwa iliyofungwa katikati ya ukuta. Ile kubwa inaacha kivuli kirefu nyuma ya kila kitu, na kivuli ndicho mwizi anachokitafuta.

Hatua ya 2: tazama upenu wako

Sehemu hii inawapotosha wengi, kwa sababu taa nyingi na maelezo yaliyomo kwenye maboksi yake yametungwa kwa nchi za mbali na ikweta. Kule jua hupita chini, linaingia ukutani kwa ubavu, na taa iliyofungwa ukutani paneli ikiwa juu yake inapata chaji. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua letu linapita juu ya kichwa. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linakuwa utosini kabisa. Juni linaelekea kaskazini kwa nyuzi kama 28, na Desemba linaelekea kusini kwa nyuzi kama 18 tu.

Sasa angalia bati la nyumba yako. Upenu ukitokeza sentimita 60 au zaidi, ukuta ulio chini yake uko kivulini saa zile zile ambazo jua lina nguvu. Taa ya kipande kimoja, yenye paneli juu ya kichwa chake, ukiifunga hapo unakuwa umeifungia kivulini. Itawaka wiki ya kwanza kwa chaji iliyotoka nayo kiwandani, kisha malalamiko yaanze.

Kwa nyumba yenye upenu au baraza, nunua taa ambayo paneli imetenganishwa na kuunganishwa kwa waya. Paneli inapanda juu ya bati, taa inabaki chini ya upenu ikiwa imekingwa na mvua. Kuna faida nyingine isiyotajwa: kwenye taa nyingi za aina hii betri inakaa ndani ya taa, kivulini, si mgongoni mwa paneli inayochomwa na jua. Betri za lithiamu huchakaa haraka kwa joto, kwa hiyo kivuli hicho kinaongeza maisha yake. Taa ya kipande kimoja iache kwa ajili ya nguzo ya geti, ukuta wa fensi, au mahali popote penye anga wazi.

Miti nayo. Mwembe wa jirani ni baraka kwa kila kitu isipokuwa paneli. Kagua kivuli kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Nataja saa hizo makusudi, kwa sababu Kigoma iko magharibi mno kwa saa tunazotumia, na jua letu linafika juu kabisa karibu saa 7 mchana, si saa 6. Ukikagua kivuli saa 3 asubuhi utadanganyika. Na ukumbuke kivuli cha Juni si cha Desemba. Mti ulio kaskazini mwa paneli unaisumbua kiangazi, ulio kusini unaisumbua wakati wa mvua, na huo wa kusini ndio wa kuogopa zaidi, maana wakati wa mvua hakuna chaji ya kupoteza.

Hatua ya 3: pima paneli kwa rula

Nenda dukani na rula au futi. Pima urefu na upana wa sehemu nyeusi ya paneli, bila fremu, kwa sentimita. Zidisha. Jibu ligawe kwa 50. Unachopata ndicho kiwango cha juu cha wati ambazo paneli hiyo inaweza kutoa jua likiwa kali kabisa.

Hesabu hii inatoka wapi? Jua kali la mchana linaleta karibu wati 1000 kwa kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri ya kawaida inageuza karibu asilimia 20 yake kuwa umeme. Hizo ni wati 200 kwa mita ya mraba, sawa na wati 2 kwa kila sentimita 100 za mraba. Paneli duni hutoa pungufu. Hakuna paneli ya dukani kwetu itakayozidi hapo kwa kiasi cha kukubabaisha.

Chukua mfano. Taa imeandikwa 200W. Paneli yake ni sentimita 20 kwa 14. Hiyo ni 280, gawanya kwa 50, unapata wati 5.6. Boksi linasema mia mbili, rula inasema tano na nusu. Ukimwonyesha muuzaji hesabu hiyo kwa upole, wengi watacheka na kuanza kuzungumza nawe lugha nyingine. "Kaka, wewe ni fundi?" Hapo bei inalegea.

Kwa taa ya njia, paneli ya wati 2 hadi 3 za kweli inatosha. Kwa taa ya kumulika uwanja, usikubali chini ya wati 6. Paneli yenye uso wa kioo ni bora kuliko ile iliyopakwa utomvu wa plastiki, ambayo baada ya muda juani inakuwa ya njano na kupitisha mwanga kidogo. Gonga kwa ukucha; kioo kinajulikana kwa mlio.

Hatua ya 4: betri

Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi waliohama kutoka karabai kwenda taa za LED na betri hawana muda wa hadithi za wati. Mvuvi anataka kujua kama betri itafika alfajiri. Uliza hivyo hivyo.

Andiko la betri lina namba mbili: volti na mAh (kipimo cha chaji inayobebwa). Gawanya mAh kwa 1000, zidisha kwa volti, unapata wati-saa, ambayo ndiyo akiba halisi. Betri ya 3.7V yenye 2000mAh ina wati-saa 7.4. Ya 3.2V yenye 5000mAh ina 16.

Sasa uongo wa kuujua. Betri ndogo ya duara iitwayo 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, inapatikana kila mahali. Hata zile bora kwa kawaida hubeba karibu 3500mAh. Ukiona imeandikwa 6000 au 9900, hiyo ni rangi tu juu ya plastiki. Betri za bei nafuu za ukubwa huo mara nyingi hubeba kati ya 1200 na 2000.

Nilifungua taa moja ya "200W" mezani kwa fundi. Sahani ya LED ilikuwa imejaa vitone zaidi ya mia, vinavutia macho. Nyuma yake kulikuwa na kitanda cha plastiki chenye nafasi nne za 18650. Iliyomo ilikuwa moja. Nafasi tatu tupu, na nyaya mbili nyembamba zimeshikizwa kwa gundi ya moto. Mwenye taa alikuwa anashangaa kwa nini inakata kabla ya taarifa ya habari kwisha.

Aina ya betri nayo inahesabika. Lithiamu ya 3.7V ni nyepesi na rahisi, lakini inachoka baada ya mizunguko mia kadhaa ya kujaa na kuisha. Ya 3.2V, yenye andiko la LiFePO4, inavumilia mizunguko zaidi ya elfu moja, mara nyingi elfu mbili, na inastahimili joto vizuri zaidi. Taa inayojaa na kuisha kila siku inatumia mizunguko 365 kwa mwaka, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Kama kuna kitu kimoja cha kuongezea pesa, ongezea hapa. Betri za LiFePO4 za taa hizi mara nyingi ni nene, za kipenyo cha milimita 32, na taa inakuwa nzito mkononi. Uzito dukani ni dalili njema, ingawa si ushahidi.

Hatua ya 5: piga hesabu ya usiku mmoja

Usiku wetu ni karibu saa 12 mwaka mzima. Hilo linarahisisha hesabu.

Tuseme taa ina paneli ya wati 6 za kweli na LED zinazokula wati 5 zikiwaka kikamilifu. Siku ya kiangazi tunapata sawa na saa 5 za jua kali: 6 mara 5 ni 30. Toa karibu theluthi kwa ajili ya joto, vumbi na upotevu wa kuchaji. Unabaki na wati-saa kama 20. Siku ya mvua yenye wingu zito, chukua robo ya hizo, yaani 5.

Matumizi sasa. Taa hizi kwa kawaida zina hali tatu, unachagua kwa kitufe au rimoti. Hali ya kuwaka kikamilifu usiku kucha inahitaji 5 mara 12, yaani wati-saa 60. Paneli hii haifiki huko hata Julai. Hali ya kufifia na kung'aa mtu anapopita: mwanga hafifu wa nusu wati kwa saa 12 ni 6, ongeza mipito 40 ya sekunde 30 kila mmoja, ambayo ni dakika 20 za wati 5, karibu 1.7. Jumla ni kama 8. Hali ya kuzima kabisa hadi mtu apite: ni ile 1.7 pamoja na kidogo cha sensa yenyewe. Sema 2.

Linganisha na Desemba. Unaingiza 5 kwa siku. Hali ya kuzima hadi mtu apite inakula 2, kwa hiyo inaishi mvua zote. Hali ya kufifia inakula 8, unakopa 3 kila usiku kutoka kwenye betri. Ukiwa na betri ya wati-saa 16 iliyojaa, utapita usiku tatu za mawingu, na usiku wa nne itazima kabla ya alfajiri. Ukiwa na ile betri moja ya 7.4, hata usiku wa kwanza haufiki mwisho.

Ndiyo maana sensa ina thamani, na ndiyo maana nashauri taa iwe na kitufe cha kubadilisha hali. Kiangazi iache ififie usiku kucha, uwanja unapendeza. Mvua zikianza, hamisha kwenye kuzima hadi mtu apite. Taa isiyo na uchaguzi huo usiinunue.

Hatua ya 6: sensa

Zipo za aina mbili, na boksi kwa kawaida linasema ni ipi.

PIR inatambua joto linalohama mbele yake. Utaijua kwa kile kidude cheupe cha mviringo kama jicho, chenye mistari midogo. Inakula umeme kidogo sana. Inamnasa vizuri mtu anayekatiza mbele yake kutoka upande hadi upande, na inachelewa kumnasa anayeijia moja kwa moja. Boksi likisema mita 12, tegemea 5 hadi 8. Hali ya hewa ikikaribia joto la mwili uwezo wake hupungua, lakini usiku wa Kigoma hauna joto hilo, hasa ukiwa Ujiji karibu na ziwa.

Aina ya pili ni ya rada. Haina jicho jeupe, kwani inatuma mawimbi na kupokea mrejesho. Inaona mbali zaidi na inapenya hata plastiki na ubao mwembamba. Tatizo lake ni kwamba inaona kila kitu: mgomba unaoyumba, mvua kubwa, nguo kwenye kamba, wakati mwingine mtu aliye upande wa pili wa mlango. Inakula pia umeme muda wote. Kwa uwanja uliozungukwa na migomba na michikichi, yaani viwanja vingi vya huku, chagua PIR.

Mbwa na mbuzi wataiwasha PIR. Huwezi kuzuia kabisa, lakini ukiinamisha kidogo na kuifunga juu zaidi, kuku na paka wanapungua. Kama mbuzi wanalala uani, elekeza jicho pembeni mwa banda.

Hatua ya 7: mwili wa taa na rangi ya mwanga

Tafuta andiko la IP65 au zaidi. Namba ya kwanza, 6, ni kuzuia vumbi lote. Ya pili, 5, ni kuhimili maji ya kurushwa. IP44 inatosha chini ya baraza pekee. Andiko linaweza kudanganya, kwa hiyo angalia mpira unaozunguka kifuniko: je, umekaa sawa, au umekatika pembeni? Angalia skrubu. Taa iliyofungwa kwa skrubu inaweza kufunguliwa ibadilishwe betri. Iliyogandishwa kwa gundi utaitupa betri ikichoka.

Rangi ya mwanga watu huichagua kwa macho dukani, na nyeupe yenye ubluu, 6500K, hushinda kwa sababu inaonekana kali. Ikija mvua ya kwanza na kumbikumbi wakatoka, mwenye taa hiyo atakoma. Wadudu wanavutwa zaidi na mwanga wenye ubluu. Ya njano, 3000K, inawaita wachache. Mlangoni na jikoni weka ya njano. Getini weka unayotaka. (Kama unakusudia kuwakamata kumbikumbi kwa ajili ya kikaango, geuza ushauri huu.)

Hatua ya 8: ijaribu kabla ya kulipa

Taa nyingi za sola hazizimi wala kuwaka ovyo. Zinafuata giza, na mara nyingi paneli yenyewe ndiyo inayopima giza. Mwombe muuzaji awashe swichi, kisha funika paneli yote kwa boksi au kiganja. Taa iwake. Funua, izime. Funika tena, kaa kimya bila kutikisika hadi ififie, kisha mwombe mtu akatize mbele yake hatua tano mbali. Ing'ae papo hapo. Bonyeza kila kitufe cha rimoti. Tikisa taa karibu na sikio. Kama kuna kitu kinagonga ndani, iache.

Angalia alama ya TBS. Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa, na waranti iandikwe nyuma yake kwa mkono wa muuzaji: miezi mingapi, na kama betri imo. "Leta tu, tutaangalia" si waranti. Ukinunua kwa machinga anayepita, bei itakuwa nzuri, ila ujue kuwa kesho yuko Kasulu.

Kama unahitaji taa nne, nunua moja, ifunge, uiangalie wiki mbili. Ikiwezekana iwe wakati wa mvua.

Hatua ya 9: kufunga

Ondoa ngozi ya plastiki iliyo juu ya paneli. Inaonekana ni jambo la kitoto, lakini panda juu ya mabati ya mtaa wowote uone. Taa nyingine hazichaji swichi ikiwa imezimwa, kwa hiyo soma karatasi. Iache juani siku mbili kabla ya kuitegemea.

Paneli ilaze karibu sawa na anga, ikiinama nyuzi kama 10 tu ili mvua ishuke na vumbi. Watakuambia uielekeze kaskazini. Kiangazi kuna faida ndogo, lakini wakati wa mvua jua liko kusini na mawingu yanatawanya mwanga kutoka anga lote, kwa hiyo paneli iliyolala inapokea vizuri kuliko iliyosimama. Kama bati lako lina mteremko mdogo, fuata bati. Acha nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya paneli na bati, hewa ipite. Bati la saa 8 mchana linachoma, na paneli ikipata moto inatoa umeme kidogo.

Waya uliokuja nao ukiwa mfupi, usiungie waya mwembamba wa spika. Paneli ya volti 6 na wati 6 inapitisha ampea 1, na kwa mita 10 za waya mwembamba wa milimita 0.3 za mraba unapoteza karibu volti 1.2, moja ya tano ya umeme wako. Tumia waya wa 1.5, ule ule wa wayaringi ya taa. Maungio yafunge kwa tepu vizuri na yakae chini ya bati. Mahali waya unapoingia kwenye taa, uache uning'inie kidogo chini kabla ya kupanda, maji yadondoke hapo badala ya kuufuata hadi ndani.

Taa ifunge mita 2.5 hadi 3 kutoka chini. Chini ya hapo inang'olewa. Juu ya hapo sensa inapoteza watu. Ifunge mahali ambapo njia inapita mbele yake kwa kukatiza. Kwa geti, hiyo ina maana ya kuifunga pembeni, kwenye nguzo au kona ya ukuta, si usawa wa geti likitazamana nayo. Kwenye tofali tumia fisha na skrubu ndefu. Tofali za kuchoma za huku nyingine ni laini, toboa katikati ya tofali, usitoboe kwenye udongo wa maungio. Ukitaka kufunga chini ya upenu, shikiza kwenye ubao unaofunika vichwa vya kenchi.

Usiielekeze dirisha la jirani wala barabara ya bodaboda. Na paneli isikae chini ya taa ya mtaani au taa kubwa ya jirani. Itadhani ni mchana na taa haitawaka. Kabla ya kumlaumu muuzaji, funika paneli kwa nguo usiku, uone.

Hatua ya 10: kuitunza

Kiangazi, vumbi jekundu na moshi wa nyasi zinazochomwa vinatanda juu ya paneli. Futa kwa kitambaa chenye maji kila baada ya wiki mbili au tatu, asubuhi na mapema paneli ikiwa baridi. Usitumie steliwaya wala sabuni ya unga. Jicho la sensa lifute pia. Buibui hupenda kutanda pale, na mdudu anayetembea juu ya jicho anaweza kuiwasha taa usiku mzima na kumaliza betri. Ukipaka nyumba rangi, lizibe kwa karatasi. Jicho lililopakwa rangi limekufa.

Betri ikianza kuchoka utaona: taa inawaka vizuri jioni, inakata mapema, na hali hiyo inaendelea hata wiki yenye jua kali. Kabla ya kununua betri, safisha paneli na uangalie waya. Kama bado, fungua usome volti za betri iliyomo, ununue aina ile ile. Hapa mafundi wengi wanaharibu. Betri ya 3.2V hujazwa hadi volti 3.6 hivi, ya 3.7V hadi 4.2. Ukiweka ya 3.2V kwenye taa iliyotengenezwa kwa 3.7V, inajazwa kupita kiasi, inavimba, inaweza kuleta hatari. Ukifanya kinyume, taa haitalipuka, lakini betri haitajaa hata nusu. Betri mbili au zaidi zikikaa pamoja, zibadilishe zote kwa mpigo.

Ile ya zamani usiitupe motoni wala chooni, na usiwaachie watoto waivunje. Funga ncha zake zote mbili kwa tepu, iweke kwenye kopo, umpelekee fundi wa simu au wa sola anayekusanya. Wengine huzifumua na kutafuta zilizobaki nzima, na kazi hiyo waifanye wao wenye mita, si wewe kwa bisibisi.